Muhuri wa mtendaji si kibali: nani hasa anaidhinisha mauzo ya ardhi ya kijiji?



Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotafuta shamba la kupanda miti kule Mufindi na Kilolo, au la parachichi Rungwe, ni hili: "Braza, mtendaji ameshasaini na kugonga muhuri, si nimemaliza?" Hapana, bado kabisa. Nalijua hilo kwa machungu. Baba yangu mdogo alinunua ekari saba kwenye kijiji kimoja huku huku kwetu. Alilipa cash, akapewa karatasi yenye muhuri, akapanda misindano. Miche ilipofika usawa wa kiuno, mke wa muuzaji akatokea na watoto wake. Lilipofunguliwa daftari la mihutasari ya kijiji, halikuwa na kikao hata kimoja kilichojadili mauzo yale.

Sasa tuingie kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji wote. Msichanganye na halmashauri ya wilaya. Hii ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na mwenyekiti wake anapigiwa kura. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, na kwenye kikao ni katibu. Anaandika kilichoamuliwa. Kuamua si kazi yake.

Na hapa ndipo wengi wanaingizwa mjini. Kifungu cha 8 kinaruhusu halmashauri ya kijiji kuunda kamati ya kuishauri mambo ya ardhi, halafu kinasema wazi kwamba kamati hiyo haina mamlaka ya kuamua chochote. Kama kamati nzima imenyimwa, sembuse mtu mmoja mwenye muhuri mfukoni? Tena, ikiwa ni kijiji kinagawa ardhi yake (siyo mwanakijiji anayeuza shamba lake), halmashauri nayo haiwezi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwanza, yaani watu wazima wote wa kuanzia miaka 18.

Kuna wanaosema huu ni urasimu tu, watu ishirini wa nini kwenye dili la watu wawili? Mimi siafiki. Sheria hiyohiyo inaitaka halmashauri ya kijiji ikatae mauzo yanayomnyima mwanamke haki yake ya kuitumia ardhi ile. Sasa mtendaji, ambaye pengine amehamishiwa hapo mwaka jana, atajuaje nani analima upande wa bondeni? Wajumbe wanajua, maana ni majirani. Yule mama wa shamba la baba mdogo angetajwa ndani ya dakika tano.

Mahakama nayo ilishasema zamani. Mwaka 1985, kwenye kesi ya Methuselah Paul Nyagwaswa dhidi ya Christopher Mbote Nyirabu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu. Hiyo ni kabla hata ya sheria ya 1999!

Vipi kuhusu hatimiliki ya kimila? Mbozi, enzi hizo ikiwa mkoa wa Mbeya (tangu 2016 iko Songwe), ilikuwa kati ya wilaya za mwanzo kujaribu hati hizi. Baadaye ukaja mradi uliofadhiliwa na Marekani kwenye wilaya za Iringa na Mbeya, vijana wa kijijini wakipima mashamba kwa simu. Hati inasainiwa na mwenyekiti, mtendaji na mwenye ardhi, kisha Afisa Ardhi wa wilaya anaisajili. Hata yeye anasajili uamuzi wa kijiji, haubuni.

Mjini mambo ni tofauti kabisa, na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Mji ukipanuka, kijiji kikageuka mtaa, halmashauri ya kijiji inakufa. Kuanzia hapo inatumika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Mwenye kumilikisha ni Kamishna wa Ardhi, na yeye anaruhusiwa kukasimu kazi zake kwa maofisa. Kwa hiyo sahihi ya ofisa aliyeidhinishwa mjini ina uzito ambao ya mtendaji kijijini haina. Mwenyekiti wa mtaa je? Huyo ni shahidi tu wa mauziano, hata kama atadai asilimia kumi yake kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo ukiwa kijijini, kabla hujatoa hata shilingi, omba nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uliojadili shamba lile kwa jina la muuzaji na mipaka, wenye orodha ya mahudhurio iliyosainiwa. Kisha tembea mipaka na majirani, na mke au mume wa muuzaji awepo. Ukiambiwa "kikao kitakaa baadaye, wewe lipa kwanza," rudi kwenye basi.

Mambo yakishaharibika, pa kuanzia ni baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe wake ni saba, na wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kupatanisha tu. Baba mdogo alipatanishwa hapo. Shamba lilirudi kwa mama na wanawe, miti ikabaki kwao, na muuzaji akakubali kurudisha hela kidogo kidogo kila baada ya mavuno ya mahindi. Mpaka sasa amerudisha nusu.