Moto wa Siku ya Mwaka: Ushahidi wa Vitabu na Historia ya Mombasa

Siku ya Mwaka, ambayo pia huitwa Nairuzi, ni siku ya kwanza ya mwaka wa jua wa Waswahili. Katika maandishi mengi siku hii hutambulishwa kwa moto, na msomaji anayeyapitia akiwa Mombasa huelekea kuamini kwamba moto huo ulikuwa kiini cha sherehe ya Mvita vilevile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa imani hiyo imetokana na jinsi vitabu vinavyosomwa, wala si na ushahidi uliomo ndani yake.

Chanzo kinachorejelewa sana ni kitabu cha sarufi na msamiati cha Edward Steere kilichochapishwa mwaka 1870. Humo twaelezwa habari za kuoga baharini, za chakula cha nafaka na kunde kilicholiwa na kila aliyefika, na za mioto iliyozimwa kisha ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, Steere alifanyia kazi yake Unguja. Pili, moto anaoutaja ni wa mafigani: moto wa nyumba unaokufa na kuzaliwa tena pamoja na mwaka.

Moto wa hadhara ni wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Huko wanaume hupigana kwa magomba, kisha kibanda cha makuti huchomwa mbele ya umati. Kwa kuwa sherehe hii ndiyo iliyopata umaarufu, picha yake imefunika mioto mingine yote. Hata hivyo, jina lake lenyewe, Mwaka Kogwa, halitaji moto. Latokana na kitenzi koga, yaani oga. Lugha imehifadhi maji pale ambapo jicho la mgeni limeona ndimi za moto.

Kuhusu Mombasa, uchunguzi wa P. J. L. Frankl (1993) waelekeza kwingine. Katika ada za Mvita ng'ombe huzungushwa mjini, huchinjwa, na dua huombwa ili wakazi wakingwe na balaa. Kinachotakaswa hapa si jiko la mtu mmoja bali mji mzima, na mzunguko huo ni kauli ya wenye mji, Thenashara Taifa, juu ya mipaka na umoja wao.

Yafaa pia kutahadhari na hoja ya asili. Neno Nairuzi ni la Kiajemi, na aghalabu limetumiwa kuthibitisha uhamiaji wa Washirazi. Lakini hesabu ya Nairuzi ilikuwa mali ya mabaharia wa Bahari ya Hindi. Ahmad ibn Majid aliitumia katika maandishi yake ya karne ya 15. Mwaka wake una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo hurudi nyuma takriban siku moja kila miaka minne. Ndiyo maana siku iliyoangukia mwishoni mwa Agosti zama za Steere sasa huangukia Julai. Hesabu ya miongo iliyowafaa manahodha na wakulima ingeweza kuingia bandarini bila kabila kuhama.

Basi mhakiki aulize kila matini ni ya mji gani kabla ya kuuliza maana ya moto wake. Asipofanya hivyo, ada za Makunduchi zitaandikwa kuwa historia ya Mombasa, na ng'ombe wa Mvita atasahauliwa.