Jando Chini ya Msalaba

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwafikisha Masasi watumwa waliokombolewa, wakajenga kijiji cha Kikristo katikati ya Wayao na Wamakua. Haikuchukua muda swali likazuka: kijana aliyebatizwa aende jandoni? Paulo aliwaonya Wagalatia wasitahiriwe, lakini Masasi tohara haikuwa habari ya Torati. Ilikuwa habari ya utu uzima. Asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota ndevu. Na mtoto, nani atamwoza?

Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuanza kwa kukataza. Alikaa na mapadre Waafrika na wazee, wakapembua. Kambi ya porini, tohara yenyewe na mafunzo ya adabu vikabaki. Matambiko kwa mizimu na nyimbo chafu vikaondoka, na sala ikachukua nafasi yake. Wapo waliomlaumu kwamba anaubariki upagani. Mimi naona alisoma vizuri: ukimnyima mtu jando, umemnyima ukoo.

Kwa wasichana mambo yakagoma. Unyago ni siri ya wanawake, na Kanisa la siku zile halikuwa na padre mwanamke hata mmoja. Kwenye jando padre aliweza kukaa kambini. Kwenye unyago hakuruhusiwa hata kusogea. Aliandikiwa kurekebisha jambo asiloliona! Basi makungwi wakashika kazi yao, na mabinti wa Kikristo wakaendelea kufundwa na bibi zao.