Asili ya Kusaidiana



Kabla ya kusoma hesabu za michango, yafaa tujiulize: moyo wa kusaidiana ulianzia wapi?

Mwaka 1859 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Humo alikiri kutatizwa na wadudu watenda kazi, kama nyuki. Nyuki hao hawazai, tena amchomaye mtu kuulinda mzinga hufa. Tabia hiyo yarithiwaje, na mwenyewe hana mtoto? Mwaka 1964 Mwingereza mwingine, W. D. Hamilton, alifafanua kwa hesabu: afaye kwa ajili ya nduguze, damu yake huendelea ndani yao.

Lakini sisi hatukuzaliwa tumbo moja. Hapo popo watufundisha. Mwaka 1984 Gerald Wilkinson alieleza habari za popo wanyonya damu wa Costa Rica, Amerika ya Kati. Popo akikosa chakula siku mbili tatu hufa. Mwenzake aliyeshiba humtapikia damu kidogo, hata asipokuwa nduguye, mradi wamezoeana. Naye aliyeokolewa huelekea kulipa wema huo.

Mwaka huu tulimzika mwenzetu asiye na jamaa mjini hapa. Sanda na jeneza vilitokana na michango yenu. Popo hana daftari, lakini hukumbuka. Sisi tunalo: kurasa zifuatazo zaonyesha waliotoa, na pia mistari iliyobaki mitupu.