Nyumba ya kukimbilia: ilianza namna gani, ikakua namna gani



Katika kikao chetu cha mwisho tulibishana juu ya swali moja: je, chama kifungue nyumba ya kupokea wamama wanaopigwa na mabwana zao? Mzee mmoja alisema mambo ya ndoa yanamalizwa na jamaa, si na chama. Mama mmoja akauliza: na kama jamaa yenyewe haiko tena? Kikao kikanyamaza. Ndiyo sababu naandika.

Mzee hakukosea. Zamani mama akipigwa alirudi kwa wazazi. Bwana alipaswa kuja na wazee, kueleza, na mara nyingi kutoa faini mbele ya kumrudisha bibi yake. Njia hiyo vita na ukimbizi viliikata. Wengi wetu tulirudi kutoka Tanzania tukakuta wazazi wamekufa na parsele ya baba imekaliwa na watu wengine. Mama akitoka kwa bwana yake usiku, hana mlango wa kugonga.

Watu wengi wanafikiri nyumba kama hii inaanza na pesa nyingi za Bulaya. Tuangalie basi hiyo Bulaya yenyewe.

Mwaka 1971, pale Chiswick, magharibi ya London, Erin Pizzey na wamama wenzake walipata kijumba kilichochakaa, mali ya komine. Hawakuwa na mradi wa kupiganisha jeuri. Walitaka tu mahali wamama waliofungiwa nyumbani na watoto wangekutana, wanywe chai na kusaidiana. Halafu akaja mama mwenye alama za kipigo mwilini. Wakampokea. Mwingine akasikia, naye akaja na watoto. Siku zile polisi waliona bwana kumpiga bibi yake ni mambo ya ndani, hawakutaka kujiingiza.

Kijumba kikajaa, wakahamia nyumba kubwa zaidi, nayo ikajaa. Watu walilala chini juu ya magodoro yaliyobanana, maana neno lao lilikuwa moja: hakuna anayefukuzwa. Komine ikaweka kiasi, watu 36 tu. Nyumba ikazidisha, Pizzey akapelekwa mbele ya sheria. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa. Kule walibishana hata kama wamama wale na watoto wao wanaweza kuitwa jamaa moja. Waamuzi wakasema hapana, Pizzey akashindwa.

Kwa nini ilijaa hivyo? Si juu ya wanaoingia tu. Wanaoingia walikosa pa kutokea. Mama angekaa miezi na miezi sababu hakuna nyumba ya kupanga, na akirudi kwake bwana anamngoja. Hapo ndipo historia inatufundisha: nyumba ya kukimbilia inakua kweli siku njia ya kutoka inapofunguliwa.

Njia hiyo wamama waliipigania. Mwaka 1974, nyumba karibu 40 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ziliunda umoja wao. Pizzey mwenyewe hakukaa ndani yake. Waligombana juu ya uongozi, na umoja ukashika kwamba wamama wanaoishi ndani ya nyumba wawe na sauti. Mwaka 1975, kamati ya bunge ikapendekeza nafasi ya familia moja kwa kila watu 10,000. Sheria ya 1976 ikawezesha mahakama kumtoa bwana mwenye jeuri ndani ya nyumba, badala ya mama kutoka kila mara. Sheria ya 1977 ikalazimisha serikali za mitaa kumhesabu mama anayekimbia kipigo kama mtu asiye na makao, na kumsaidia apate pa kukaa. Ile nyumba ya Chiswick, tangu 1993, inaitwa Refuge, na leo ni moja ya mashirika makubwa ya kazi hii kule Uingereza.

Kwetu vilevile. Hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, ilitibu vidonda vya wamama waliobakwa. Kumbe wengi walipona lakini hawakuwa na pa kurudi, mabwana walikuwa wamewakataa. Ndiyo maana ya Maison Dorcas. Mwaka 2011 ikafunguliwa Cité de la Joie, wamama 90 kwa miezi sita, wakijifunza haki zao na kazi ya mikono. Na sheria zetu zimesonga: tangu 2016, Code ya Familia haidai tena mama aliyeolewa apewe ruhusa na bwana yake ndipo apeleke mambo mahakamani. Ni hatua kubwa. Lakini haimwambii atalala wapi leo usiku.

Basi pendekezo langu ni hili. Tusianze na jengo. Tuanze na vyumba viwili bila kibao mlangoni, na wamama wenyewe ndani ya kamati. Wazee wetu waitwe, maana hekima yao bado ina kazi, lakini wasimlazimishe mtu kurudi. Na toka siku ya kwanza tujue kila mama atatokea wapi: chumba cha kupanga, shule ya watoto, mtaji mdogo kupitia AVEC.

Kwenu wafadhili: msituulize tu wangapi wameingia. Tuulizeni wangapi wametoka wakiwa na ufunguo wa mlango wao mikononi. Hesabu hiyo ni ngumu zaidi, na itachukua muda.

Kikao kinachokuja tutapiga kura. Njooni wote, na yule mzee pia, tafadhali.