Tambi kwa nyanya zisizopikwa: Mlo wa haraka wa kusini mwa Italia

TAMBI kwa nyanya ni chakula kinachoitambulisha Italia duniani kote, lakini si kila mara nyanya hizo hupitia motoni. Katika mkoa wa Puglia, ulioko kusini mwa nchi hiyo, majira ya joto huandaliwa mlo uitwao crudaiola, jina lililotokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya kitu kisichopikwa. Kinachochemshwa ni tambi peke yake. Kwa sababu hiyo mlo huu huokoa muda na nishati, ila hauna moto wa kuficha kasoro: nyanya mbaya hubaki mbaya hadi mezani.

Nyanya si zao la asili la Italia. Ililetwa Ulaya kutoka bara la Amerika katika karne ya 16, na ilichukua muda mrefu kukubalika jikoni. Mpishi Antonio Latini alieleza mchuzi wa nyanya katika kitabu chake kilichochapishwa Naples kati ya mwaka 1692 na 1694.

Tambi zinazofaa ni spageti au zile fupi zenye matundu, si zile nyembamba zinazopikwa kwa sukari na tui la nazi katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zilizotengenezwa kwa ngano ngumu, kama sheria ya Italia ya mwaka 1967 ilivyoagiza kwa tambi kavu, hazivurugiki upesi.

Mahitaji (watu wanne)

Tambi gramu 400
Nyanya zilizoiva vizuri gramu 600
Mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 5
Kitunguu saumu punje 1
Majani ya mrihani 15
Jibini ngumu yenye chumvi gramu 100
Chumvi na pilipili manga

Namna ya kutayarisha

Osha nyanya na mrihani kwa maji safi na salama, kwani havitapikwa. Kata nyanya vipande vidogo, uondoe mbegu zikiwa na maji mengi. Weka katika bakuli kubwa pamoja na mafuta, chumvi kidogo, mrihani uliochanwa kwa mkono na kitunguu saumu kilichopondwa. Funika kwa dakika 20. Chumvi itatoa maji ya nyanya, nayo ndiyo mchuzi wenyewe.

Wakati huo chemsha lita 4 za maji, utie chumvi, kisha tambi. Usitie mafuta ndani ya maji hayo, kwani tambi zitateleza na mchuzi hautashika. Zionje dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ziwe zimeiva lakini zikigomea jino kidogo.

Chota kikombe kimoja cha maji ya tambi, kisha zichuje bila kuzisuuza. Zimimine kwenye bakuli zikiwa za moto, ongeza maji hayo kidogo kidogo huku ukigeuza. Wanga uliomo huunganisha mafuta na maji ya nyanya. Malizia kwa jibini iliyokunwa na pilipili manga.

Watu wa Puglia hutumia jibini iitwayo cacioricotta. Ikikosekana, feta ya Ugiriki iliyovunjwavunjwa inafaa.

Nyanya za mlo huu zisihifadhiwe katika jokofu, kwani baridi hupunguza harufu na ladha yake. Chakula kiliwe mara tu kinapochanganywa.