Tanzania: Uzazi wa mpango kwa mama wenye umri mdogo baada ya kujifungua

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Kiwango hicho kilishuka kutoka asilimia 27 ya utafiti wa 2015-16, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Novemba 2021, serikali iliondoa zuio lililowafungia wasichana waliojifungua milango ya shule za umma. Waraka wa Elimu wa mwaka huo unampa mwanafunzi nafasi ya kurejea masomoni ndani ya miaka miwili. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kwamba baada ya kujifungua, mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Hivyo muda ambao mwili unahitaji kupumzika ndio huohuo ambao shule inamngojea. Mimba ya pili ikiingia katikati, vyote viwili huwa hatarini.

Uwezo wa kushika mimba hurudi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mama asiyenyonyesha anaweza kupata mimba takriban wiki nne baada ya kujifungua. Aidha, yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Anayesubiri hedhi ndipo aende kliniki huenda akawa amechelewa. Kunyonyesha hukinga mimba kwa masharti matatu tu: mtoto awe chini ya miezi sita, apewe maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Msichana anayemwachia bibi mtoto ili aende darasani kwa kawaida hupoteza kinga hiyo.

Zipo njia zinazofaa hata kabla ya kuondoka wodini. Kipandikizi kinaweza kuwekwa mara baada ya kujifungua, na hudumu miaka mitatu hadi mitano. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48, au kuanzia wiki ya nne. Kwa anayenyonyesha, sindano ya miezi mitatu kwa kawaida husubiri wiki ya sita, na vidonge vyenye homoni mbili husubiri hadi miezi sita. Kondomu hukinga pia virusi vya UKIMWI.

Vikwazo vingi vimo nyumbani. Wapo wazee wanaomhimiza binti ajitenge na mwanamume asije akambemenda mtoto, na kwa sababu hiyo huona kinga haina haja. Wengine huhofia ugumba. Ukweli ni kwamba uwezo wa kuzaa hurejea upesi kipandikizi au kitanzi kinapoondolewa. Baada ya sindano unaweza kukawia miezi kadhaa, lakini hurejea.

Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma. Ushauri hufaa uanze katika kliniki ya wajawazito, urudiwe wodini, kisha katika chanjo za mtoto za wiki ya 6, 10 na 14. Pale msichana anapozungumza na mhudumu faraghani, bila kukemewa, huwa rahisi kwake kuchagua njia na kuidumisha.