Kurejesha Wanyamapori Aktiki: Mafanikio, Mipaka na Uhusiano na Pwani ya Afrika Mashariki

Urejeshaji wa wanyamapori katika maeneo waliyotoweka ni miongoni mwa njia zinazotumiwa na mataifa mbalimbali kuponya mazingira yaliyoharibiwa. Katika ukanda wa Aktiki, yaani eneo la dunia lililo kaskazini ya latitudo ya nyuzi 66.5, kazi hiyo imefanyika kwa takriban karne moja. Matokeo yake yanaonesha kuwa wanyama walioangamizwa na binadamu wanaweza kurejea na kuongezeka, lakini kudumu kwao kunategemea hali ya hewa ambayo sasa inabadilika kwa kasi. Makala haya yanaeleza yaliyobainishwa na watafiti, pamoja na sababu za suala hilo kuwahusu wananchi wa Afrika Mashariki.

Mabadiliko ya mazingira ya Aktiki

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Finland ulibaini kuwa tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Sababu mojawapo ni kupungua kwa barafu ya bahari. Barafu nyeupe huakisi mwanga wa jua. Inapoyeyuka, maji yenye rangi nzito hunyonya joto hilo na kuzidisha uyeyukaji. Kiwango cha chini kabisa cha barafu hiyo tangu vipimo vya setilaiti vianze kilirekodiwa mwezi Septemba 2012, ilipobaki takriban kilomita za mraba milioni 3.4.

Nchi kavu nayo inaathirika. Sehemu kubwa ya udongo wa Aktiki ni ardhi iliyoganda kwa kudumu, yaani ardhi ambayo joto lake halipandi juu ya nyuzi sifuri kwa angalau miaka miwili mfululizo. Ndani yake mna mabaki ya mimea na wanyama yaliyohifadhiwa kwa maelfu ya miaka, na kaboni iliyomo inakadiriwa kufikia karibu mara mbili ya ile iliyopo angani. Ardhi hiyo inapoyeyuka, vijidudu huozesha mabaki hayo na kutoa hewa ukaa na methani, gesi ambazo huongeza joto la dunia nzima.

Kulungu wa Svalbard

Mfano ulio wazi zaidi wa urejeshaji unatoka katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya mamlaka ya Norwe. Kulungu wa Aktiki wa visiwa hivyo, ambao ni nususpishi isiyopatikana kwingineko, waliwindwa hadi kukaribia kuisha. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1925, na mwaka 1978 watafiti walihamishia kulungu 12 katika rasi ya Brøggerhalvøya, ambako walikuwa wametoweka. Kundi hilo liliongezeka na kuzidi wanyama 300 ndani ya miaka 15.

Majira ya baridi ya mwaka 1993 na 1994 yakabadilisha hali hiyo. Mvua ilinyesha juu ya theluji, maji yakaganda na kufunika mimea kwa tabaka gumu la barafu ambalo kwato hazikuweza kulivunja. Kulungu wengi walikufa kwa njaa na kundi likashuka chini ya wanyama 100. Baadhi ya walionusurika walihamia maeneo jirani, na huko wakaanzisha makundi mapya. Barafu ya bahari ni mojawapo ya njia zinazowawezesha kulungu kuvuka kutoka rasi moja hadi nyingine. Kwa hiyo kupungua kwake kunaziba njia za wanyama kujinusuru pale malisho yanapofungwa.

Hata hivyo, hesabu ya jumla inatia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa Svalbard ina kulungu takriban 22,000. Joto la kiangazi huongeza majani na kuwezesha wanyama wengi zaidi kuzaliwa, ilhali mvua za majira ya baridi huwanyima malisho. Matokeo yake ni kulungu wengi zaidi lakini wadogo zaidi: uzito wa wastani wa majike wakubwa ulishuka kutoka kilo 55 kwa waliozaliwa mwaka 1994 hadi kilo 48 kwa waliozaliwa mwaka 2010. Kwa sababu hiyo, wingi wa wanyama pekee si kipimo tosha cha afya ya kundi.

Ng'ombe-miski na hatari ya uzao mdogo

Ng'ombe-miski ni mnyama mwenye manyoya marefu, ambaye kwa nasaba yu karibu zaidi na mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe. Alikuwa ametoweka Alaska kabla ya Marekani kununua wanyama 34 kutoka Greenland mwaka 1930. Baadaye kundi hilo lilipelekwa katika kisiwa cha Nunivak, na uzao wake ukatumika kuanzisha makundi katika Alaska bara na kisiwa cha Wrangel nchini Urusi. Katika Greenland ya magharibi, ndama 27 waliohamishwa kati ya mwaka 1962 na 1965 walizaa kundi lililofikia maelfu ya wanyama.

Mafanikio hayo yana upande wa tahadhari. Spishi hii ina tofauti ndogo sana za kinasaba, na makundi yaliyotokana na wazazi wachache huzidi kuwa na upungufu huo. Wanyama wanaofanana mno kinasaba huweza kushindwa kwa pamoja na maradhi mapya. Nchini Kanada, vifo vingi vya ng'ombe-miski vilivyotokea kati ya mwaka 2009 na 2013 katika visiwa vya Banks na Victoria vilihusishwa na bakteria ambaye hapo awali hakuwa amefahamika kuwaua wanyama hao.

Je, wanyama wanaweza kulinda ardhi iliyoganda?

Watafiti wengine wanachunguza iwapo wanyama wakubwa walao majani wanaweza kupunguza athari za joto lenyewe. Karibu na Kangerlussuaq, Greenland, mtafiti Eric Post na wenzake walizungushia uzio baadhi ya vipande vya ardhi ili kuwazuia kulungu na ng'ombe-miski, huku wakiongeza joto katika vipande vingine. Ilibainika kuwa joto huchochea vichaka kuenea, lakini pale wanyama walipoachwa kulisha, ueneaji huo ulidhibitiwa.

Nchini Urusi, mwanasayansi Sergey Zimov alianzisha hifadhi iitwayo Pleistocene Park karibu na mji wa Chersky, kaskazini mashariki mwa Siberia, mwaka 1996. Humo wamepelekwa farasi wa Yakutia, kulungu, ng'ombe-miski, baisani na wanyama wengineo. Hoja yake ni kwamba theluji nene ni kama blanketi linalozuia baridi kali isiingie ardhini. Wanyama wanapoichimbua na kuikanyaga wakitafuta majani, unene wake hupungua na ardhi hupoa zaidi.

Mwaka 2020, Christian Beer wa Chuo Kikuu cha Hamburg na wenzake walitumia vipimo vya hifadhi hiyo katika kielelezo cha kompyuta. Walikadiria kuwa, endapo joto la dunia litaendelea kupanda kwa kasi kubwa, ardhi iliyoganda itapata ongezeko la nyuzi 3.8 kufikia mwaka 2100. Wingi wa wanyama ungeweza kupunguza ongezeko hilo hadi nyuzi 2.1. Makadirio hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Yanachukulia kuwepo kwa zaidi ya wanyama 100 katika kila kilomita ya mraba kwenye eneo kubwa mno, wakati uzio wa hifadhi yenyewe unazunguka kilomita za mraba takriban 20 tu.

Wazo la wanyama kubadili mzunguko wa kaboni linaungwa mkono pia na ushahidi wa Tanzania. Baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka takriban 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kuzidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zilizoliwa hazikubaki kuwa kuni za moto, mioto ikapungua na miti ikaongezeka. Tofauti ni kwamba Serengeti kikwazo kilikuwa ugonjwa unaoweza kukingwa kwa chanjo ya ng'ombe, ilhali Aktiki kikwazo ni joto la dunia.

Uhusiano na pwani yetu

Chamchanga mwenye mdomo uliopinda huzaliana katika tundra ya Siberia na kusafiri hadi Afrika wakati wa baridi ya kaskazini. Wengi huonekana katika tope la bahari la pwani ya Tanzania na Kenya, ikiwemo delta ya Rufiji na hori la Mida. Uzazi wake hufuata wingi wa panya wadogo waitwao lemingi: lemingi wanapokuwa wachache, mbweha wa Aktiki hugeukia mayai na makinda ya ndege. Mwaka 2024 ndege huyu aliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka.

Tanzania na Kenya ni wanachama wa Makubaliano ya Kuhifadhi Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia yaliyofikiwa mwaka 1995. Aidha, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitambuliwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Ndege huyu anahitaji tundra ya kuzalia na tope la kulishia. Kupotea kwa kimojawapo kunatosha kumwangamiza. Kutunza mikoko na tope la bahari ndiyo sehemu ya kazi hiyo iliyo mikononi mwa wananchi wa pwani.

Kwa ujumla, tafiti hizi zinaonesha kuwa kuzuia uwindaji na kuhamisha wanyama kunaweza kurejesha makundi, na kwamba wanyama hao husaidia mazingira wanamoishi. Hazioneshi kuwa kazi hiyo inaweza kuchukua nafasi ya kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, kwa kuwa mvua moja ya majira ya baridi imekwisha kuonesha, katika rasi ya Brøggerhalvøya, jinsi kazi ya miaka 15 inavyoweza kurudi nyuma katika msimu mmoja.